Elimu ya Ufundi na Mkono wa Wafadhili

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na wanaharakati waliokutana Elgon View, Eldoret



Mtaa huu wa Elgon View haujazoea mikutano ya watu wenye viatu vyenye vumbi kama vyetu. Hata hivyo, hatuoni mahali panapofaa zaidi kuzungumzia ufundi. Tazameni kuta hizi, malango haya ya chuma, vigae vya paa na mabomba ya maji. Kila kimoja kimepita mikononi mwa mwashi, seremala, fundi bomba au fundi wa kuchomelea ambaye aliingia hapa asubuhi kwa miguu na kutoka jioni kwa miguu. Wengi wao hawana cheti chochote. Na jirani na nyumba walizojenga huishi pia, mara kwa mara, wageni waliokuja kwa miradi ya maendeleo, ambao baadhi yao wametumwa kutushauri jinsi ya kufundisha ufundi. Fundi na mshauri hupishana langoni, lakini hawajapata kuketi katika meza moja.

Tumeombwa kuzungumza juu ya ushirikiano wa kimataifa na mageuzi ya elimu ya ufundi nchini. Tutasema wazi tangu mwanzo mahali tunaposimama. Sisi si watu wa kufukuza wageni. Tunachosema ni kwamba kwa muda wa miaka mia moja elimu ya ufundi ya Kenya imepinduliwa mara nyingi, na karibu kila mara kulikuwa na mgeni mezani akiwa ameshika mfuko. Mageuzi yaliyoshika mizizi ni yale ambayo wananchi walikuwa na kauli juu ya fedha, juu ya mtaala na juu ya mwalimu. Yale yaliyoletwa yakiwa yamefungwa kama kifurushi yalidumu kwa kadiri ya umri wa mradi.

Tuanzie mbali kidogo, maana bila huko hatutaelewa kwa nini mzazi wa leo anakunja uso mtoto wake anapoitwa chuo cha ufundi. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka New York ilizuru Afrika Mashariki. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwemo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya sasa. Tume hiyo ilikuja na mfano kutoka kusini mwa Marekani, kwenye shule za Hampton na Tuskegee, ambako watu weusi walifundishwa kilimo na kazi za mikono. Pendekezo lake lilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha yake ya kijijini. Kwa masikio ya leo hilo lasikika kama hekima. Lakini lilitua katika nchi ambayo walowezi walikuwa wamechukua ardhi iliyo bora, pamoja na nyanda hizi za Uasin Gishu ambako mji wetu uliitwa kwa namba ya shamba, Sitini na Nne, hadi wenyeji wakaufupisha kuwa Sisibo. Mlowezi alihitaji fundi wa kurekebisha gari la ng'ombe na kujenga ghala. Hakuhitaji Mwafrika wa kusoma hati ya shamba. Basi Kabete ikajengwa karakana kubwa ya serikali kwa ajili ya kufundisha Waafrika kazi za mikono, na serikali ya kikoloni ikajisifu kwamba imefuata ushauri wa wataalamu wa kimataifa.

Wazazi wetu hawakudanganyika. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu anafundishwa vitabu na mtoto wa Mwafrika anafundishwa nyundo, wakajua mlango wa utawala uko upande gani. Ndiyo maana shule za kujitegemea zilipoanzishwa katika sehemu za kati za nchi, miongoni mwa madai yake yalikuwa Kiingereza na masomo ya vitabu. Dharau ya kazi ya mkono ambayo mawaziri wetu huilaumu kila mwaka katika hotuba zao haikuzaliwa na uvivu. Ilizaliwa na mpango uliotenganisha ufundi na uwezo wa kujiamulia.

Sasa tufike kwenye sura ambayo makanisa yanaweza kuikumbuka bila aibu. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, ambalo leo twalijua kwa herufi NCCK, pamoja na chama cha elimu cha makanisa, lilitoa ripoti yenye kichwa cha swali: baada ya shule, nini? Uhuru ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Shule za msingi zilikuwa zinatoa maelfu ya watoto kila mwaka, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto aliyekosa nafasi alirudi nyumbani akiwa ameandikwa kuwa ameshindwa. Jibu la ripoti lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Wazo lake lilikuwa jepesi mno kiasi kwamba baadhi ya wakubwa walilicheka. Chuo kisizidi hali ya kijiji chenyewe. Kifundishe ujuzi ambao watu wa pale wanautaka na wako tayari kuulipia. Wanafunzi wajenge karakana yao wenyewe kwa mbao na udongo wa pale. Kamati ya wenyeji iamue kipi kifundishwe, na ikiwa kijiji hakihitaji maseremala zaidi, somo la useremala lifungwe na kuanzishwa jingine. Wala hakukuwa na cheti cha kukimbilia mjini, kwa sababu lengo halikuwa kukimbia.

Fedha za nje zilikuwemo, tusifiche hilo. Makanisa ya ng'ambo yalichanga, na baadaye serikali za Ulaya ya Kaskazini zilitia mkono. Lakini mwanzoni fedha hizo zilikuja nyuma ya wazo, hazikuja mbele yake. Mgeni alikuta kamati imekwisha kukaa.

Serikali ilipoingia katika miaka ya 1970, na fedha zilipoongezeka, vyuo vichache vikawa mamia. Hapo ndipo mambo yalipogeuka polepole bila mtu yeyote kutangaza kwamba yamegeuka. Anayetoa fedha nyingi hutaka hesabu, na hesabu iliyo rahisi ni idadi ya majengo na idadi ya waliofaulu. Mitihani ya gredi ya serikali ikawa ndiyo shabaha. Seremala aliyekuwa akifundishwa kutengeneza kitanda kitakachonunuliwa sokoni akaanza kufundishwa kiungo cha mbao kitakachopimwa na mtahini. Kamati ya kijiji ikabaki na kazi ya kuitisha harambee na kukaribisha wageni. Hatusemi mtihani ni mbaya. Kijana anahitaji karatasi inayotambulika. Twasema tu kwamba hakuna aliyekaa na wanakijiji kuwauliza kama wanakubali mabadilishano hayo.

Miaka ile ile wageni wengine walijenga vitu vikubwa zaidi. Kanada ilisaidia kuanzisha Chuo cha Walimu wa Kiufundi pale Gigiri mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo walimu wengi wa ufundi wamepitia humo. Huo ni msaada tunaousifu, kwa kuwa uligusa mwalimu, na mwalimu hachakai upesi kama mashine. Japani nayo ilisaidia kuanzisha chuo cha kilimo na teknolojia huko Juja mwaka 1981. Kilifundisha mafundi wa ngazi ya diploma waliosifiwa na waajiri. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili, ndicho Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Hatua hiyo ilishangiliwa, na chuo kikuu hicho kina heshima yake. Lakini mtindo ulikuwa umeanza. Mwaka 2007 Politeknik ya Kenya na Politeknik ya Mombasa zilifanywa vyuo vikuu vishiriki, na mwaka 2013 zikawa vyuo vikuu vya kiufundi. Ile ngazi ya kati, ya fundi sanifu anayejua kwa nini na pia anajua vipi, ikaendelea kupungua. Wanasiasa wetu walitaka digrii kwa sababu digrii hupigiwa makofi jukwaani. Hilo hatuwezi kumlaumu Mjapani wala Mkanada.

Na ile 8-4-4? Mwenyekiti wa tume ya mwaka 1981 iliyopendekeza mfumo huo na chuo kikuu cha pili alikuwa Mkanada, Colin Mackay. Chuo kikuu hicho cha pili ni jirani yetu, Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984. Mfumo wenyewe ulianza Januari 1985, na ulikusudia kila mtoto wa shule ya msingi ashike msumeno, sindano na jembe. Nani alijenga karakana? Mzazi. Wengi mlio hapa mnakumbuka michango ile: mbao, mabati, misumari, kuku wa harambee. Serikali iliamuru, mgeni alishauri, mzazi akalipa. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa, masomo ya ufundi yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na karakana zile zikageuka stoo za mahindi na madarasa ya ziada. Mzazi aliyezijenga hakuitwa kuulizwa siku ya kuzianzisha, wala hakuitwa siku ya kuzifunga.

Tunafika miaka ya 1990, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo miaka iliyotuzaa sisi kama wanaharakati. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa serikali ya Kenya, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa, vyama vingi vikarudi. Hatuna haya kusema kwamba shinikizo lile lilisaidia. Lilikuja juu ya damu na machozi ya Wakenya waliokuwa wamekwisha kusimama, lakini lilisaidia. Lakini mfuko uliofungwa Paris kwa ajili ya demokrasia ulikuwa na masharti mengine ndani yake, na hayo hayakuzungumzwa sana majukwaani. Mwaka huo huo wa 1991 Benki ya Dunia ilitoa waraka wa sera juu ya elimu ya ufundi. Ulizitaka serikali zipunguze kujenga shule za ufundi, ziimarishe elimu ya msingi na sekondari, na ziachie waajiri na watu binafsi sehemu kubwa ya mafunzo ya kazi. Mkutano wa Jomtien kule Thailand mwaka 1990 ulikuwa umekwisha kuwaelekeza wafadhili kwenye shule za msingi. Fedha zikahama. Kugawana gharama, ambako ripoti ya Kamunge ilikuwa imekupendekeza mwaka 1988, kukawa ndiyo sheria ya maisha. Chuo cha ufundi kilichozoea kupata vifaa kutoka wizarani kikaanza kumwambia mwanafunzi aje na randa yake.

Waraka ule haukuwa wa kijinga. Hoja yake kwamba waajiri wanajua ujuzi unaotakiwa ina ukweli ndani yake. Lakini mwajiri gani? Hapa Eldoret mwajiri mkubwa wa vijana wenye ujuzi wa mashine alikuwa kiwanda cha nguo cha Rivatex. Masharti yale yale ya marekebisho ya uchumi yalifungua soko, nguo za mitumba zikaingia kwa wingi, na kiwanda, ambacho tayari kilikuwa kimedhoofishwa na usimamizi mbaya na siasa, kikafungwa mwishoni mwa miaka hiyo. Kwa hiyo serikali iliambiwa imwachie mwajiri mafunzo, na wakati huo huo ikaambiwa ifungue mlango uliomwondoa mwajiri. Mafundi wa vitambaa waliojifunza kazi kwa miaka kumi na mitano wakawa wauza mitumba katika soko lile lile. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kwa mashine zilizonunuliwa kwa mkopo kutoka India. Ilibidi watu wafundishwe tena. Kizazi kizima cha ujuzi kilikuwa kimekwisha kutawanyika, na ujuzi wa namna hiyo haukai kwenye kabati ukisubiri mkopo.

Katika miaka hiyo migumu kulikuwa na jaribio moja tunalotaka likumbukwe. Mradi ulioanza mwaka 1994 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliwapa watu wa jua kali vocha za mafunzo. Mwenye vocha alichangia sehemu ndogo ya ada, mradi ukalipa sehemu kubwa, naye akachagua mwenyewe wapi akafunzwe na nani. Matokeo yaliwashangaza wenye vyuo. Wengi hawakwenda vyuoni. Walikwenda kwa mafundi stadi, wale wenye vibanda kando ya barabara, kwa sababu hao walifundisha kwa lugha inayoeleweka, kwa saa zinazofaa, na juu ya kazi iliyo mkononi. Kwa mara ya kwanza fedha za mfadhili zilipita kwa mwanafunzi kabla ya kufika kwa taasisi, na uamuzi ukapita naye. Malalamiko yalikuwepo, na urasimu ulikula sehemu yake. Lakini mradi ulipofikia kikomo mwanzoni mwa miaka ya 2000, vocha zikaisha siku ile ile. Hakukuwa na sheria iliyozirithi. Hazikuwa na kasma katika bajeti, wala hakuwepo mbunge aliyezidai.

Linganisheni na jirani zetu wa Tanzania. Wao walipata misaada ya nje, ikiwemo ya Denmark, na washauri wao pia walikuja na mikoba. Lakini mwaka 1994 Bunge lao lilipitisha sheria iliyounda VETA na kuweka tozo ya waajiri ya kugharimia mafunzo, tozo inayohesabiwa kwa asilimia ya mishahara. Sisi tozo yetu ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi. Shilingi hamsini ni chai na mandazi, na siku hizi hata hayo ni ya kubahatisha. Hatudai kwamba vyuo vya VETA havina matatizo. Twasema kwamba mwenye chakula chake jikoni humkaribisha mgeni kwa sauti tofauti na yule anayengoja mgeni alete unga.

Kuanzia mwaka 2010 akaja mgeni mpya, China. Kampuni ya AVIC ilipewa kazi ya kuweka mitambo ya kisasa, kwanza katika taasisi 10, kisha katika awamu ya pili taasisi 134. Mitambo mizuri, hatukatai: mashine za kukereza chuma, za umeme, za magari. Lakini huu ni mkopo, si zawadi, na mjukuu wa fundi wa Langas ataulipa. Je, kuna fundi, mwalimu wa karakana au mzazi aliyeulizwa ni mashine ipi inatakiwa Kapseret na ipi inatakiwa Lamu? Wakaguzi wa hesabu za serikali wamewahi kuandika juu ya mitambo iliyokaa bila kutumika katika baadhi ya vyuo. Nasi tumeona kwa macho yetu chumba ambamo mashine ilikuwa bado imefunikwa karatasi ya nailoni kwa kuwa jengo halikuwa na umeme wa fezi tatu. Mlinzi alituambia huipangusa vumbi kila Ijumaa. Wakati huo huo, msimu wa mavuno ya ngano, kombaini ikivunjika Moiben au Ziwa anayeitwa ni kijana wa jua kali aliyejifunza kwa kukaa chini ya trekta la mjomba wake.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 2013 ya elimu na mafunzo ya kiufundi. Iliunda mamlaka ya kusimamia vyuo na baraza la kutunga mitaala na kutahini. Mtaala wa umilisi, ambao leo ndio unaotawala, ulikua kwanza Uingereza, Australia na nchi nyingine za namna hiyo. Kanada imesaidia kuueneza hapa kupitia mradi ulioanza mwaka 2016, na Wajerumani, Benki ya Dunia na wengine wana sehemu zao. Msingi wake ni mzuri: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, si kwa anachokariri. Twauunga mkono. Lakini kupima kufanya kunahitaji vifaa vya kufanyia, na mwalimu aliyewahi kufanya. Mwaka 2018 ada ya vyuo vya kiufundi iliwekwa kuwa KSh 56,420 kwa mwaka, serikali ikaahidi ruzuku ya KSh 30,000 kwa kila mwanafunzi na zilizobaki zikopwe. Ruzuku ikichelewa, wa kwanza kukosekana ni chuma cha kuchomelea na waya wa umeme. Basi mwanafunzi anatazama mwalimu akichora karakana ubaoni. Huo ndio umilisi wa chaki.

Kwa sisi wa Uasin Gishu habari ya ushirikiano wa kimataifa ina kidonda kibichi. Mwaka 2021 kaunti yetu ilianzisha mpango wa kuwapeleka vijana masomoni Finland na Kanada. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi. Wapo waliouza mashamba na ng'ombe. Mwaka 2023 wazazi hao walikuwa barabarani hapa mjini wakiuliza fedha zao ziko wapi, huku baadhi ya vijana waliokwisha kusafiri wakidaiwa ada na vyuo vya huko. Waliokuwa maafisa walifikishwa mahakamani mwaka huo wakakana mashtaka, nasi hatuingilii kazi ya hakimu. Tunachouliza sisi ni swali la kabla ya mahakama. Mkataba na vyuo vile uliandikwa wapi? Nani aliusoma? Baraza la kaunti liliujadili siku gani? Mzazi aliambiwa kuna mkataba na serikali ya ng'ambo, naye kwa heshima aliyofundishwa tangu mwaka 1924 akaamini kwamba jambo likitoka ng'ambo limekwisha kukaguliwa.

Na mambo hayajaisha. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi Berlin makubaliano ya kuruhusu wafanyakazi wenye ujuzi kwenda Ujerumani. Vijana wetu wana haki ya kwenda wakitaka. Hata mchungaji hamfungi kondoo kamba. Lakini vyuo vikianza kutunga masomo kwa kutazama upungufu wa mafundi wa Hamburg, nani atakayefundisha fundi wa mitambo ya kupozea maziwa wa Turbo? Eldoret imekuwa jiji mwaka huo huo wa 2024. Jiji lina mabomba ya majitaka, taa na majengo marefu. Ni busara kujua mafundi wake watatoka wapi kabla ya kuwasafirisha.

Ndugu zetu, tunazo nguvu ambazo wale wa mwaka 1966 hawakuwa nazo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa jina lile lile la kale. Maana yake, vyuo vile vilivyobuniwa na makanisa sasa viko chini ya watu tunaowapigia kura hapa hapa. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Tulipigania vyama vingi ili tuwe na wa kumwuliza. Tukiishia kuuliza nani awe gavana na tusiulize nini kimeandikwa katika mkataba wa mashine, tutakuwa tumeshinda kura na kupoteza karakana.

Kwa hiyo tumeandaa barua kwa serikali ya kaunti na baraza lake. Inadai kwamba kila makubaliano na shirika au serikali ya nje kuhusu vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti yatangazwe kabla ya kutiwa sahihi, yakiwa na muhtasari kwa Kiswahili, yakionyesha kipi ni mkopo na kipi ni ruzuku, na nani atalipia umeme, vipuri na mwalimu mradi ukiisha. Inadai bodi ya kila kituo iwe na mafundi wasiopungua wawili wanaoishi kwa kazi hiyo, si wafanyabiashara wa zabuni. Inadai pia kaunti igharimie mafundi wa jua kali kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi walio nao tayari, maana serikali ya kitaifa imekwisha kupitisha sera ya kutambua ujuzi wa namna hiyo na Shirika la Kazi Duniani limesaidia kuiandaa. Hapa mgeni amefanya lake. Ni sisi tuliolala. Fundi aliyejenga ukuta ule mnaouona dirishani hapaswi kukaa miaka miwili darasani akifundishwa kuchanganya saruji.

Na kwa makanisa tuna ombi la pekee. Mengi yenu bado mna vyuo au majengo yaliyokuwa vyuo. Msipangishe karakana hizo kwa kumbi za arusi kabla ya kuziweka wazi kwa mafundi stadi wanaotaka kufundisha jioni. Wale walioleta vocha walithibitisha kwamba wanafunzi watakuja.

Barua iko mezani karibu na mlango, nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza. Asiyejua kuandika aweke kidole, wino upo. Tutaipeleka Jumatatu saa tatu asubuhi, na tunaomba walau watu ishirini waandamane nasi hadi ofisi ya karani wa baraza ili ipigwe muhuri wa kupokelewa mbele ya mashahidi. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 kujibu. Tarehe ya mwisho tumeiandika juu ya barua kwa wino mwekundu. Siku ya pili yake, majibu yasipokuja, faili linakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nauli ya wajumbe wawili imekwisha kuchangwa.